Ndoo Hairudi Tupu

Tata Teryo Manaois alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa katika duka lolote la mji wetu wa Dagupan, Ufilipino: hakujua kusema hapana. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, mafuriko yalimpandisha juu ya paa mara mbili akashuka mzima, lakini mtu akimwambia, "Tata, tunakuhitaji Jumamosi," ulimi wake ulijibu "nitajaribu" kabla kichwa hakijamaliza kusikia. Kwetu mtu akikwambia atajaribu, ujue haji. Wote tunaelewa hivyo na hakuna anayenuna. Teryo peke yake ndiye aliyesema atajaribu, na watu wakaenda moja kwa moja kumwekea kiti, sahani na kipaza sauti.

Kipaza sauti ndicho kilichomponza. Mtaa mzima hakuna aliyejua kuongoza sherehe kama yeye. Alijua pa kuchekesha, alijua namna ya kumshusha jukwaani mjomba aliyeng'ang'ania karaoke bila kumvunjia heshima, na alijua kuichelewesha bahati nasibu mpaka watu wazima wakakosa pumzi kwa ajili ya feni ya mezani. Juu ya hayo alikuwa baba wa ubatizo wa nusu ya watoto wa mtaa, na wazazi wa ile nusu nyingine aliwasimamia ndoa. Mtu wa namna hiyo, ukifika mwezi wa Desemba, hana tumbo lake mwenyewe. Tumbo lake ni mali ya umma, kama daraja.

Na Desemba yetu haina huruma. Nyimbo tunaanza kuzipiga Septemba, sawa, lakini kula kunaanza rasmi na misa ya kwanza kati ya zile tisa za alfajiri kabla ya Krismasi, pale nje ya kanisa penye moshi wa keki za mchele, na hakukomi mpaka mtu aone haya kujitazama kwenye kioo. Kuna sherehe ya ofisi ya mtaa. Kuna ya walimu waliostaafu na ya walimu wanaotamani kustaafu. Wauza samaki wana yao, kwaya ina yao, kina mama wanaofanya mazoezi uwanjani wana yao na ndio wanaokula kuliko wote, na kuna ya wale waliomaliza shule mwaka mmoja ambao hawajawahi kupendana. Kila uendako utakuta tambi tamu zenye vipande vya soseji nyekundu, nguruwe mzima wa kuchoma, saladi ya matunda iliyozama kwenye maziwa mazito, na mlangoni mtu aliyeumbwa na Mungu kwa kazi moja tu, ya kusema, "Umekula? Kula kwanza." Ukikataa, hakuna atakayesema huna njaa. Watasema unawadharau.

Teryo alikuwa ameyazoea yote hayo. Kilichomtoa jasho mwaka huu ni mwatiko.

Mwatiko wa kujaza ulikuwa mkono wa mkewe, Nana Fidela, aliourithi kwa mama yake. Mtu asiyempika hawezi kujua. Unampiga samaki taratibu mpaka nyama iachane na ngozi, unaivunja mifupa kwa ndani, unaitoa nyama yote kupitia kwenye shavu bila kuichana ngozi hata kidogo. Kisha unakaa na kibanio na kuanza kutoa miiba, na mwatiko ana miiba kama ana ugomvi na binadamu. Halafu ndipo unakaanga nyama na vitunguu, karoti na zabibu, unairudisha ndani ya ngozi, unashona, unakaanga tena. Samaki analetwa mezani mzima, kichwa na mkia, kana kwamba hajaguswa na mtu. Fidela alimpika mara moja tu kwa mwaka, mkesha wa Krismasi, wakamla wakitoka kanisani. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda kuishi mbali, kwa hiyo alikuwa anampikia mtu mmoja.

Na mtu huyo mmoja, mwaka jana, alirudi kutoka sherehe ya mwisho akiwa ameshikilia mkanda wa suruali mkononi. Aliketi mbele ya samaki. Alimtazama samaki, samaki akamtazama yeye.

"Nimeshiba, Fidela," alisema. "Nitaonja kesho."

Fidela hakugomba. Ndilo lililokuwa baya. Alimfunika samaki kwa sahani, na asubuhi akampa jirani. Tangu siku hiyo hakupika mwatiko wa kujaza wala wa kuchoma. Siku ya kuzaliwa kwake, mwezi wa saba, Teryo alifunguliwa kopo la dagaa, na kopo lenyewe lililetwa mezani na kifuniko chake kikiwa kimesimama.

Basi alfajiri ile ya misa ya kwanza, walipokuwa wakirudi kutoka kanisani, Fidela alisema bila kumtazama, "Mwaka huu nitampika."

Teryo alitaka kurukaruka, magoti yakamkumbusha umri.

"Mara hii tu," Fidela aliendelea. "Ukija umeshiba tena, hutamwona mwatiko mezani kwangu mpaka mmoja wetu azikwe. Na wakinizika mimi kwanza, waambie wasipike."

"Nitakuja na njaa. Naapa."

"Mwaka jana uliapa. Mwaka juzi uliapa kwa jina la mama yangu, na mama yangu ni marehemu."

Ahadi ni deni, na Teryo aliingia kwenye deni lake kama mtu mzima. Jioni ile ile, kwenye sherehe ya kwaya, alijaribu njia ya kwanza. Alisema daktari amemkataza. Balaa. Kumbe hakuna kinachowafurahisha watu wetu kama mgonjwa. Alikatazwa nini, chumvi? Akaletewa uji wa mchele usio na chumvi. Sukari? Kuna biko maalumu, keki ya mchele wa kunata, lina sukari ya nazi, hiyo ni dawa. Mama mmoja alikimbia nyumbani kwake akarudi na bakuli la supu ya kongoro kwa ajili ya damu. Teryo alitoka pale akiwa amekula kuliko watu wenye afya.

Siku ya pili alijaribu kukaa na sahani moja tu, akikisogeza chakula huku na huku kwa uma. Mwenye nyumba alikuwa na macho ya afisa forodha. Kila chakula kilipolala upande mmoja, aliona pengo upande wa pili na kulijaza.

Ilikuwa kwa daktari wa meno, Quirino, ndipo alipopata ufunuo. Quirino alikuwa amemsogezea sahani ya nguruwe yenye ngozi inayong'aa, na Teryo, akiwa amekwisha kata tamaa, akasikia mdomo wake ukisema, "Nifungie, daktari. Nikale na Fidela nyumbani."

Chumba kizima kililainika. Wanawake walitazamana. Mke wa Quirino alimgeukia mumewe na kusema, "Unasikia? Mume wa mwenzangu anamkumbuka mkewe." Wakamfungia chakula kwenye ndoo ya aiskrimu, ikajaa mpaka kifuniko kikagoma. Na hakuna aliyemuuliza tena kama amekula, maana mtu anayefungiwa ni mtu aliyekubali chakula. Kakikubali wapi, kinywani au kwapani, hilo halimhusu mtu.

Tangu hapo Teryo alipita kwenye sherehe kama mtakatifu anayevuka moto. Alisema, alichekesha, alivuta tiketi, na saa ya kula ikifika alisema, "Nifungie, nikale na Fidela." Sifa zake zilienea. Kila nyumba ikataka kumfungia kuliko nyumba iliyopita. Alirudi nyumbani na ndoo kila mkono, tumbo likinguruma, akamkuta Fidela amelala kwa ajili ya misa ya alfajiri. Alizipanga ndoo kwenye friji, akafunua sufuria, akala wali baridi na matone ya siki akiwa amesimama gizani, akalala.

Asubuhi Fidela alifungua friji, na ndoo moja ikamwangukia mguuni.

"Umefungiwa wewe," Teryo alisema kwa furaha.

"Mtu akifungiwa ndoo mbili, tumboni ameshaweka nne."

"Sijala, Fidela. Sijagusa kitu."

Fidela alifunua sufuria ya wali akaiinamisha ili naye aone. "Na huu? Umetoka kwenye nguruwe la watu, ukaja kumalizia na wali wangu?"

Teryo alijinusa. Shati lake lilinuka mafuta ya kuchoma kuanzia ukosi mpaka pindo. Hata yeye asingejiamini.

Siku zikaenda, friji likajaa, ndoo zikahamia juu ya kabati, kila moja ina plasta nyeupe yenye jina la mwenyewe. Vilivyokuwa ndani Fidela aliwagawia mafundi waliokuwa wakitengeneza barabara. Ndoo zenyewe hazigawiki. Sheria yetu hii haikuandikwa popote, lakini sijaona mwizi wala padri aliyethubutu kuivunja: ndoo ya mtu hairudi tupu, na haivuki Krismasi. Ukirudisha ndoo ina hewa, utasemwa mpaka Pasaka.

"Nitazijaza nini zote hizi?" Fidela aliuliza siku moja, ameshika kiuno mbele ya kabati.

"Weka chochote tu," alijibu Teryo, ambaye alikuwa akinyoosha shati jekundu kwa ajili ya sherehe ya jioni. Ni maneno ya mtu asiyejua kwamba anasaini hukumu yake.

Siku ya mkesha nyumba ilinukia vitunguu saumu tangu asubuhi. Fidela alikuwa amekaa siku mbili na kibanio, miwani puani, na sasa mwatiko alikuwa amelala kwenye sahani ndefu, rangi ya dhahabu, uzi wa kushonea bado ubavuni. Teryo aliinama akanusa. Ilibaki sherehe moja tu, ya Kapitana Rosenda, mkuu wa mtaa, iliyoanza mchana. Huyo hukatai. Kapitana ndiye anayesaini barua zako zote, na ana kumbukumbu.

"Nenda," Fidela alisema. "Rudi na njaa." Alimtazama tumboni kama mtu anayemtazama mbwa aliyekwisha kula kuku wake mara moja.

Kwa Kapitana palikuwa na nguruwe wawili, kwa sababu sherehe ya mtaa wa jirani ilikuwa na mmoja. Teryo aliongoza sherehe ile kwa nguvu za mtu anayeona ukingo wa mto. Saa ya kula ilipofika Kapitana mwenyewe alimjazia sahani, halafu akamjazia ya pili ili ya kwanza isione upweke.

"Nifungie, Kapitana. Nikale na Fidela."

"Nimesikia habari zako," Kapitana alisema, akamwonyesha meza ya kufungia, upande wa pili wa ua. Teryo akavuka ua na mlima mmoja kila mkono. Getini alimwona jirani yake, Nieves, akipita na kapu la sokoni. Mikono ilikuwa imejaa, kwa hiyo alimpungia kwa sahani.

Alirudi nyumbani alasiri, mkanda umekazwa mpaka tundu la mwisho, njaa imemkaa usoni. Aliingia jikoni akiimba, ndoo ya Kapitana mkononi. Kwenye sahani ndefu palikuwa na mafuta kidogo na uzi.

Alitazama chini ya meza. Alitazama ndani ya oveni. Juu ya kabati hapakuwa na ndoo hata moja.

"Nieves!" aliita kupitia ukutani. "Fidela yuko wapi?"

Nieves alichungulia, anafuta midomo. "Amekwenda kurudisha ndoo za watu. Na yangu kaniletea, ina kipande cha mwatiko. Tata, yule samaki," akafumba macho kidogo, "watoto wamelamba mpaka kifuniko."

"Alisema kitu?"

"Hakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema. Nilipopita hapa kutoka sokoni nilimwambia nimekuona kwa Kapitana una sahani mbili, unacheka, unapunga. Nilimwambia ashukuru, mume mwenye afya ni neema."

Teryo aliketi kwenye kiti cha jikoni. Aliumia, na hakuna haja ya kuficha: aliumia mpaka macho yakamwasha. Si kwa ajili ya samaki. Mkewe alikuwa ameketi siku mbili akitoa miiba kwa ajili yake, kisha akaamini, baada ya miaka yote hiyo, kwamba bora samaki wake aliwe na yeyote kuliko kumsubiri yeye. Na lililomuuma zaidi ni kwamba Fidela alikuwa na haki ya kuamini hivyo.

Akainuka. Labda kimebaki kipande mahali.

Kwa daktari Quirino walimpokea kwa shangwe. "Amepita sasa hivi," Quirino alisema. "Tukamketisha, tukampa tambi. Eti ameshiba. Nani anasema ameshiba mkesha wa Krismasi? Tukamwongezea."

"Na samaki?"

"Samaki gani tena, Tata? Umechelewa. Sijawahi kula kitu kama kile, hakuna mwiba hata mmoja. Sasa naelewa kwa nini ulikuwa hutaki nguruwe wangu. Mtu anayemla samaki yule kila mwaka, sisi wengine ni wa nini?"

Kila mwaka. Teryo alitikisa kichwa kama anayekubali, akatoka. Nyuma yake waliita, kula kwanza, kula kwanza, na ngozi ya nguruwe ilikuwa inapasuka chini ya kisu kwa sauti ambayo mtu mwenye njaa huisikia mpaka kwenye meno. Hakugeuka. Kwa mama wa kwaya, samaki alikuwa ameliwa na kwaya, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Kwa mwalimu mwenzake wa zamani, kichwa kilikuwa kwa paka. Kote alisikia mambo mawili: kwamba Fidela ametoka pale dakika chache zilizopita na amelishwa vizuri, na kwamba yeye, Teryo, ni mwanamume mwenye bahati kuliko wote Pangasinan. Hili la pili lilimchoma kila mara upya.

Jua lilikuwa linazama alipogonga tena kwa Kapitana. Wageni walikuwa wamepungua, na Kapitana Rosenda alikuwa amevua viatu, amekaa peke yake mbele ya bakuli lililofunikwa kichwa chini.

"Umesahau kofia?" aliuliza.

"Kapitana, hapo chini kuna nini?"

Kapitana aliweka mkono juu ya bakuli. "Pana kitu changu, kilichorudi na ndoo ya ofisi ya mtaa. Wanangu wamekula fungu lao na la wenzao, hiki nimekificha."

"Naomba unifungie."

"Hiki? Chukua nguruwe. Chukua mguu mzima."

"Sitaki mguu. Nimekuja kwako miaka yote, Kapitana, nimekula kila ulichonipa, hata mwaka ule kuku alipokuwa mbichi. Sijawahi kuomba kitu. Leo naomba hicho kipande."

Kapitana alilivuta bakuli karibu naye. Ni mwanasiasa, akiona mtu anahitaji kitu, damu inamwenda mbio. "Sherehe ya Wafalme Watatu, Januari," alisema. "Nataka kuifanya kubwa. Sina mtu wa kipaza sauti."

"Nitajaribu," alisema Teryo.

"Usijaribu. Uje."

"Nitakuja."

Akafungiwa. Kipande kimoja, unene wa vidole viwili, ndani ya ndoo inayoweza kuchukua nguruwe mdogo.

Nyumbani alimkuta Fidela amelala chali kwenye benchi la mianzi, gauni limefunguliwa vifungo vya juu, kitambaa chenye maji usoni.

"Usiniongeleshe," alisema kutoka chini ya kitambaa. "Nitatapika."

"Umefanya nini?"

"Nimerudisha ndoo. Kila nyumba kaa kidogo, kila nyumba kula kwanza. Nilisema nimeshiba, wakacheka. Nilisema naumwa, wakaniletea supu. Kwa Quirino walinitilia tambi mara mbili, Teryo, na mkewe kasimama mlangoni kama askari."

"Hukuweza kukataa?"

"Utamkataaje mtu kwenye nyumba yake?" Fidela alisema. Alivuta kitambaa akafunua jicho moja. Jicho likamwangalia Teryo, likashuka mpaka kwenye tundu la mwisho la mkanda, ambalo lilikuwa limeacha suruali imejikunja kama gunia.

"Wali ule," alisema polepole. "Usiku. Ulikuwa unakula wali mtupu?"

"Na siki."

"Mungu wangu. Ungeniambia."

"Nilikwambia."

Fidela alirudisha kitambaa usoni. Benchi likaanza kutikisika, na Teryo hakujua kama mkewe analia au anacheka mpaka aliposikia sauti. "Usinichekeshe," alisema. "Naomba, usinichekeshe, tumbo litapasuka." Na Teryo hakuwa amesema neno.

Walikwenda kanisani. Sijui ni misa gani waliyoisikia. Padri alipofika kwenye wachungaji kondeni, tumbo la Teryo lilinguruma hadi mtoto wa benchi la mbele akageuka kumtafuta mnyama. Fidela hakuweza kupiga magoti, na ulipofika wakati wa kuimba alifumba midomo, kwa hofu ya kitakachotoka pamoja na wimbo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema, lakini wale wawili usiku ule walijuana vizuri mno, na walitembea kurudi nyumbani wameshikana mikono kwa sababu mmoja alikuwa mzito na mwenzake hana nguvu.

Fidela aliwasha moto, akakipasha kile kipande, akakiweka katikati ya ile sahani ndefu. Kilionekana kama mtu mmoja kwenye uwanja wa mpira. Teryo alichukua kisu akakikata vipande viwili, akamsogezea nusu.

"Nimeshiba, Teryo," Fidela alisema. "Nitaonja kesho."

Hakuyasema kwa kulipiza. Ulikuwa ukweli, ndiyo maana maneno yalimchoma. Teryo aliweka uma chini. Alikitazama kile kipande upande wa mkewe, ambacho alikuwa amekitafuta nyumba kwa nyumba, amekikopea sherehe nzima, na ambacho sasa kimeketi pale hakitakiwi na mtu, na akahisi kitu kikimshuka kifuani mpaka tumboni, mahali pasipo na chakula cha kukizuia.

"Mwaka jana yaliuma hivi?"

"Yaliuma zaidi. Mwaka jana mimi nilikuwa na njaa. Nilikusubiri tangu mchana."

Fidela alishusha pumzi, akashika ukingo wa meza kwa mkono mmoja kama anayepanda ngazi, akamega pembe ya samaki kwa uma, akaitia mdomoni. Alitafuna huku amefumba macho. Alimeza kwa taabu, akapumzika, akafungua macho.

"Si umesema umeshiba?" Teryo aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeshiba mpaka hapa," alisema Fidela, akajigusa kooni. "Lakini tonge moja halikosi pa kupita. Mwaka jana nilitaka hilo tu."

Teryo alichukua uma wake. Alikula nusu yake taratibu, akitafuta kila zabibu, mpaka upande wake wa sahani ukabaki na uzi tu. Wakati wote huo hakutamka neno, yeye ambaye mtaa mzima haujawahi kumsikia akinyamaza mezani.